Askofu wa Beechmont na Miaka Yangu ya Kutembeza Wageni

Nianze na ujinga wenyewe, uishe, tuendelee na kazi. Siku yangu ya kwanza ya kutembeza wageni peke yangu, nikiwa na miaka kumi na miwili, nilimwambia mjane mmoja kutoka mji wa Baraka kule Kongo, mwenye siku nne tu Marekani, kwamba duka la kufulia nguo pale Beechmont, mjini Louisville, Kentucky, lilikuwa zamani jumba la askofu. Nilimwambia askofu huyo alitawala mji mzima na alitajirika kwa chumvi. Tena alipenda kuwaalika wageni mezani kisha kuwamwagia maji baridi makalioni kwa mabomba aliyoyaficha ndani ya viti. Mjane alizitazama zile mashine zikizungusha maji na povu, akatikisa kichwa polepole, akasema, "Njo maana."

Sasa nimestaafu. Nina miaka kumi na tano na miezi saba, na Mama anasema hesabu zangu shuleni zinaniita. Kazi ya kutembeza wageni hapa Buffalo inakwenda kwa Neema, mdogo wangu, na Eliya, yule Mrundi wa ghorofa ya juu aliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania na anayesahihisha Kiswahili cha kila mtu hata katikati ya sala. Ninyi wawili ndio ninawaandikia. Habari za vyeo siziweki humu. Nilikuwa na cheo kimoja tu, nacho ni "wewe mutoto, kuya hapa," na nimestaafu nacho.

Kazi yenyewe mnaijua, ila nitaieleza kwa sababu Neema hujifanya hajui. Kila mji tuliokaa, Mama alikuwa katika kamati ya kanisa ya kupokea familia zinazotoka kambini. Watu wa ofisi huwapeleka wageni kwa gari: hospitali, shule, ofisi ya vitambulisho. Lakini mtu aliyetembezwa kwa gari anachojua ni kisogo cha dereva. Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza kanisa humpa mgeni mtu wa kumtembeza kwa miguu kutwa nzima, mpaka mgeni aweze kurudi nyumbani bila kushikwa mkono. Watu wazima Jumamosi wako ghalani na viwandani. Wanaobaki ni watoto.

Aliyenifundisha ni Papa Sadiki, shemasi wa Louisville, aliyefanya kazi ya kupakia maboksi usiku na bado alitembeza wageni asubuhi macho yakiwa mekundu kama ya njiwa. Alinichukua mara mbili nimfuate nyuma. Sheria zake zilikuwa tatu. Kwanza, onyesha pa kununua unga kabla ya kuonyesha kitu chochote kizuri. Pili, mwendo ni wa yule mwenye miguu mibaya kuliko wote. Ya tatu aliniambia akiwa amenishika bega: "Kijana, mugeni haangalie ukuta. Anaangalia uso yako. Kama uso yako inaogopa, na yeye anaogopa."

Hiyo ya tatu ndiyo iliyoniharibu. Mara ya pili, Papa Sadiki aliingia dukani kuulizia unga wa muhogo, akaniacha nje na baba mmoja mgeni. Baba akauliza, hili jengo ni la nini. Nikasema sijui. Na ile sanamu ya mtu na farasi? Sijui. Na hii njia inaishia wapi? Nikaangalia njia, njia ikaniangalia, nikasema sijui. Jumapili yake yule baba alimwambia Mama mbele ya watu, kwa upole kabisa, "Mutoto wako iko na heshima, lakini haonyeshe kitu." Kwetu mkubwa akikuuliza humwachi mikono mitupu. Mama alitabasamu pale. Nyumbani hakutabasamu.

Wiki ile nje ya maktaba palikuwa na sanduku la vitabu vya bure, na ndani yake nikaokota kimoja chembamba kinachofundisha jinsi ya kuona mji wa kale wa Austria, unaoitwa Salzburg, kwa siku moja, kwa miguu. Kilikuwa na ramani yenye namba na mishale. Kilisema hapa simama, hapa tazama juu, hapa kuna ngome mlimani, hapa farasi wa askofu walikuwa wanaogeshwa, hapa mtaa mwembamba wenye vibao vya chuma mbele ya maduka. Sikudanganyika. Nilijua Austria si Kentucky. Lakini kitabu kilikuwa na majibu, na mimi nilikuwa na maswali ya watu. Nikayaoanisha.

Vifaa vyangu vilikuwa kitabu hicho, chupa ya maji, mifuko miwili ya plastiki ya kuvaa ndani ya viatu theluji ikizidi, na orodha ya vyoo kichwani. Eliya, andika vyoo. Historia inaweza kungoja, choo hakingoji. Pia usiamini saa za ramani. Kitabu kilisema mji ule wote unatembeka kwa saa nne, lakini aliyekiandika hakuwa na watu wa kwetu Fizi njiani. Sisi kupita mbele ya mlango wa mtu anayekujua bila kuingia ni sawa na kumtukana, na ukiingia utakaa, utaombewa, utakunywa chai, utaulizwa habari za watu waliobaki kambini, kisha ugali utaletwa. Pale Beechmont niliwahi kutembeza familia ya watu saba kutoka kanisani hadi kituo cha basi, mitaa sita tu. Tuliondoka asubuhi tukafika alasiri, tumeshiba, na basi la mwisho tulilolitaka lilishapita.

Baba alipopata kazi ya ghala Columbus tulihamia huko, na kitabu kikahama nami. Huko niliharibika kabisa, maana Columbus ina mtaa wa zamani uliojengwa na Wajerumani, njia za matofali mekundu, nyumba fupi zenye bustani za mbele. Askofu wangu aliingia pale kama mkono kwenye glovu. Mgeni akiuliza kwa nini njia zina mabonde, nilisema farasi. Akiuliza kwa nini milango ni mifupi, nilisema askofu hakupenda watu warefu. Nilianza kumkumbuka askofu kama mtu niliyewahi kumwamkia. Nakiri jambo moja: wageni walifurahi. Walitembea vichwa juu. Mtu aliyekaa miaka kumi na nane kambini, ambako kila nyumba ni mpya na kila nyumba ni ya muda, alipenda kusikia kwamba ukuta fulani una miaka mia nne. Hakuna aliyeniuliza swali la pili, na hilo ndilo lililonifanya nijione fundi.

Halafu tukaja Buffalo, na hapa nikakutana na mtu wa maswali ya pili.

Mwalimu Wilondja alikuwa amefundisha jiografia Fizi miaka thelathini na mmoja, kisha akaendelea kufundisha kambini bila ramani. Alifika Buffalo na binti yake, Mama Esta, anayefanya kazi ya kufua mashuka ya hoteli. Wakapata nyumba Lower West Side, mitaa miwili kutoka kwetu. Wiki tatu baada ya kufika, Mama Esta alikuja jikoni kwetu akiwa bado na kitambaa cha kazini kichwani.

"Mama Innocent, Baba hakule," alisema. "Anakaa mu kiti na koti yake, toka asubuyi. Chai tu. Daktari anasema mwili iko muzima. Iko kama mutu anangoya motoka imurudishe."

Innocent ni mimi. Wazazi walibahatisha.

"Nilishafiwa na mama," Mama Esta akasema. "Sikumuleta huku akufe ku dirisha."

Mama akanigeukia. "Kesho ni siku ya posho," alisema, maana ndivyo kwetu tunavyoiita Jumamosi, "hakuna masomo. Utaenda kumutoa."

"Akikataa?" nilijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yangu nikiogopa.

"Hakataagi. Hakuna mutu anamuomba."

Nilimkuta kweli dirishani, mrefu, mwembamba, koti limefungwa hadi shingoni, sahani ya wali kando imepoa. Dirisha lilikuwa wazi kidogo. Nikaamkia, nikasema nimekuja kumwonyesha mji. Hakunitazama.

"Kila asubuhi kuna harufu," alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha ubaoni, kimenyooka. "Kama biskuti zinaungua. Ni nini?"

Sisi wa Buffalo tunaijua harufu hiyo, upepo ukitoka ziwani huingia hadi darasani. Nilikuwa na mwaka mzima nainusa na sikuwahi kuuliza. Nikasema, "Ni jiko la askofu, Mwalimu."

Kichwa kikageuka. "Askofu gani?"

"Aliyejenga ngome."

"Pana ngome hapa?"

"Iko mtoni."

Akaanza kutafuta viatu kwa miguu chini ya kiti.

Ngome niliyomwonyesha mnaijua pia: yale majengo makubwa ya saruji kule mtoni, marefu, ya mviringo, yamepangana kama vidole, hayana dirisha hata moja. Mwalimu alisimama mbele yake akayahesabu. Akatoa daftari.

"Kwa nini hayana madirisha?"

"Kwa sababu ya maadui."

"Maadui wa nini?"

"Walitaka chumvi ya askofu."

"Chumvi ilitoka wapi? Ziwa hili halina chumvi. Nimelionja."

Alikuwa amelionja, mnasikia? Mtu haondoki kwenye kiti wiki tatu, lakini siku ile tulipofika ukingoni alikuwa ameinama akaonja ziwa kwa kidole. Nikasema chumvi ilitoka mlimani.

"Mlima uko wapi?" Akageuka pande zote. Buffalo ni tambarare kama meza.

"Uliisha," nikasema. "Waliuchimba wote."

Aliandika. Akapiga mstari chini yake.

Siku ile alikula nusu sahani, na Mama Esta alinishika mikono yote miwili. Kuanzia hapo nilimpitia kila siku baada ya shule, na kila siku alikuwa na maswali mapya, nami nilikuwa nasoma kitabu usiku kama mtu wa mtihani. Baada ya wiki mbili alikuwa anavaa viatu kabla sijafika. Nilijiona daktari.

Sasa, kanisani kwetu familia mpya ikishatulia husimama Jumapili moja baada ya ibada kusema neno la shukrani, kisha watu hula pamoja. Siku hiyo huja pia Wamarekani wachache wanaotusaidia, kama Misi Karoli, bibi mwenye mvi anayefundisha Kiingereza chini kanisani. Amezaliwa mtaa huu huu na baba yake alizaliwa mtaa huu huu. Anahitajika mtu wa kutafsiri. Mtafsiri alikuwa mimi.

Mwalimu alisimama na daftari. Alishukuru Mungu, akashukuru kanisa. Nikatafsiri. Halafu akasema, "Na kwa kuwa mgeni mwema hujifunza historia ya wenyeji wake, ningependa kuwashukuru kwa historia yao." Akafungua ukurasa. Akaanza ngome. Akaenda chumvi. Akaeleza kwa masikitiko mlima uliochimbwa hadi ukaisha.

Nilimtazama Misi Karoli, anatabasamu, anangoja. Nikasema kwa Kiingereza kwamba Mwalimu anashukuru sana kwa makoti na kwa koleo la theluji. Misi Karoli akapangusa machozi. Mwalimu akafika kwa askofu na wageni wake na yale mabomba. Nikasema anashukuru pia kwa blanketi. Watoto wanaojua lugha zote mbili wakaanza kuingiza vichwa chini ya meza, na Neema, wewe ulikuwa wa kwanza.

Mwalimu akanigeukia. "Hukusema *castle*," aliniambia. "Hukusema *salt*. Hayo maneno nayajua, yako katika kila atlasi. Rudia."

Sikuweza kurudia. Kwa hiyo alirudia mwenyewe, kwa Kiingereza chake cha atlasi, akimtazama Misi Karoli: ngome, chumvi, mlima, hapa. Misi Karoli akatazama mwalimu, akanitazama mimi, akasema polepole, kwa huruma, ambayo ni mbaya kuliko kicheko, kwamba hapa hapajawahi kuwa na ngome.

Mwalimu alifunga daftari. Alikaa. Chakula kilipita mbele yake, akakipokeza kwa jirani.

Siku tatu hakula. Jumatano Mama Esta alikuja, safari hii hakuingia jikoni, alisimama mlangoni. "Amerudi mu kiti," alisema. "Amefunga dirisha." Mama alikwenda chumbani kwangu, akatoa kitabu chini ya godoro, akakiingiza kwenye mfuko wa koti langu, akafungua mlango.

Wenzangu, hii ndiyo kesi ngumu kuliko zote nilizopata kazini, na hakuna sheria ya Papa Sadiki iliyonisaidia. Niliweka kitabu magotini kwa Mwalimu nikamwambia kila kitu, kutoka lile duka la kufulia hadi mlima. Alisikiliza hadi mwisho.

"Nimefundisha watoto miaka thelathini na mmoja," alisema. "Sijafundisha hata mmoja mlima ambao haupo."

Kwa mara ya kwanza sikutunga jibu. Mwishowe alikishika kitabu, akakigeuza.

"Mji huu uko wapi?"

"Austria."

"Najua Austria. Upande gani?"

"Mpakani na Ujerumani, Mwalimu."

"Donc, kwa hiyo, mto unatoka Alpi." Akakirudisha mikononi mwangu. "Soma. Kuanzia mwanzo. Usiruke."

Nikasoma, natafsiri sentensi kwa sentensi. Mwalimu alisogeza meza ndogo. Akaweka kijiko, huo ndio mto. Akapindua kikombe, hiyo ngome. Kila nilipotaja njia alipanga punje za maharage, na nilipotaja mtaa mwembamba alizibana mpaka zikagusana. Tulitembea mji ule wote, kuanzia stesheni hadi makaburi chini ya mwamba, na yeye ndiye alikuwa anashika njia. Mara mbili aliniambia hapo umegeuka vibaya, na kweli nilikuwa nimeruka mstari. Tukafika bustani ya askofu.

"Hii ya viti vya maji. Uliitunga?"

"Hapana, Mwalimu. Hiyo iko kitabuni."

"Na kiti chake mwenyewe kilikuwa na bomba?"

"Cha kwake hakikuwa nalo."

Akacheka. Kicheko chake sikuwa nimekisikia bado, kilikuwa chembamba, kama cha mtoto anayejificha. "Serikali ni ile ile," alisema.

Halafu akasimama, akafungua dirisha. Harufu ikaingia.

"Sasa, hapa. Hii ni nini?"

"Sijui, Mwalimu."

"Na yale majengo?"

"Sijui."

"Hapa napo pana kitabu?"

"Sijui."

"Donc hujui hata unachonusa." Koti alikuwa nalo mwilini tayari. "Twende tukaulize."

Tulianza maktaba. Mwenye zamu, mwanaume mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alipoelewa tunachotaka alifurahi kama mtu aliyengoja miaka mingi aulizwe. Alituletea picha za zamani, meli zimebanana mtoni, wanaume wenye magunia. Nilitafsiri kila neno, na sikuongeza blanketi. Yale majengo ni maghala ya nafaka. Ngano na mahindi vilikuja kwa meli kupitia maziwa, vikapandishwa humo kwa ndoo zilizofungwa kwenye mkanda unaozunguka, kisha vikateremshwa kwenye mashua za mfereji kwenda mashariki. Madirisha hayapo kwa sababu nafaka haihitaji kuona nje. Na harufu ni kiwanda ambacho hadi leo kinaoka nafaka za kula asubuhi.

Tukaenda mtoni tena. Mwalimu alisimama pale pale aliposimama mara ya kwanza.

"Kihenge," alisema. "Innocent, hiki ni kihenge. Cha babu yangu kilikuwa na miguu minne na panya wawili." Akarudi nyuma hatua kumi ili kiingie chote machoni. "Ni nani alikuwa anakula vyote hivi?"

"Sijui."

"Vizuri. Andika. Hilo ni swali la kesho."

Njiani kurudi tuliwakuta watu wawili wanavua samaki mtoni, mmoja Mkongo mwenzetu na mmoja wa Burma. Mwalimu alisimama kuwauliza majina ya samaki kwa lugha zote, na hapo nikamwachia aulize mwenyewe, nikakaa juu ya jiwe. Tuliingia kwetu jioni, viatu vimelowa. Mama alikuwa amepika ugali, dagaa na sombe, yaani kisamvu. Mwalimu alizungumza muda wote wa chakula: ndoo, mkanda, mashua, panya wa babu yake. Mama Esta alipopita kumchukua, alisimama mlangoni kwetu akimtazama baba yake anavyochovya ugali kwenye mchuzi.

Walipoondoka nilibaki na Mama jikoni. Nikamwambia yaliyobaki, ya Louisville na Columbus, mjane wa Baraka, milango mifupi, wote niliowakumbuka, familia baada ya familia. Nilisema kwa Kiswahili, tena taratibu, nikiwa nimesimama mbali na mwiko. Mama alikuwa ameinamia sinki. Alisuuza sahani ya Mwalimu, akaishika juu maji yadondoke, akaitazama kwa muda. Alichosema, neno kwa neno, ni hiki:

"Muzee amekula sahani mbili. Kesho umupitie mapema."